Sauti ya Mama Mkwe

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, tulimhamisha kutoka Kimamba tukamleta kwangu Kilosa mjini, kwenye vyumba viwili nilivyopanga nyuma ya soko. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, mguu aliuburuta, na maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: "basi". Akitaka uji alisema basi. Akiwa ameshiba alisema basi. Akikasirika alisema basi kwa ukali, huku machozi yakimlenga kwa kusikia kwamba kilichotoka mdomoni si kile alichokusudia.

Mama alikuwa mtu wa maneno. Wazazi wake walitoka Songea kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, akaolewa na mfanyakazi wa reli, na miaka yote niliyomjua aliuza vitumbua karibu na stesheni ya Kimamba. Mtoto aliyempita pale bila shikamoo aliitwa, akaambiwa arudi alikotoka aje upya. Sasa wageni walipokuja kumjulia hali, wakainama na kusema, "Shikamoo mama," yeye hakuweza kujibu marahaba. Alifungua mdomo ikatoka basi. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko mkono. Baada ya muda, akisikia hodi tu, alijikokota hadi chumbani akageukia ukuta. Wageni nao wakapungua, na nyumba ikawa kimya.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda karibu na stendi, na ndipo alipokuja yule mwanamke siku moja asubuhi kuomba abandike tangazo mlangoni kwangu. Alikuwa mtu mzima, mrefu, miwani yake ameifunga kamba inayoning'inia shingoni. Alikuwa amefundisha sanaa za maonyesho chuoni kwa muda mrefu, akastaafu, akarudi Kilosa kwenye nyumba aliyoachiwa na wazazi wake. Tangazo aliliandika mwenyewe kwa kalamu nene: darasa la kuigiza na kuimba jukwaani, kwa wanaoanza kabisa, kila Jumamosi alasiri.

"Hao wanaoanza ni watoto?" nikamuuliza.

"Wanaoanza ni wanaoanza," akanijibu. "Wewe umewahi kuigiza?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi unafaa."

Neno lile lilinichoma kidogo kwa sababu ya nyumbani, lakini nilicheka, na nikagundua kwamba sikuwa nimecheka siku nyingi. Jumamosi ile nilimwomba binti wa jirani akae na mama, nikajifunga khanga mpya, nikaenda.

Tulikutana kwenye ukumbi ule ambao Kilosa huutumia kwa kila kitu: mikutano, harusi, chanjo za watoto. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa ukutani na mapambo ya harusi ya wiki iliyopita bado yalikuwa yananing'inia. Watu hawakuwa wengi. Alikuwepo mwenye bucha ya pale sokoni, baba mnene mwenye sauti nzito, ambaye nilikuwa nikinunua nyama kwake bila kujua kwamba tangu utotoni alitamani kuimba mbele ya watu. Alikuwepo binti mmoja wa jamii ya wafugaji kutoka upande wa Tindiga, aliyekuwa akileta maziwa mjini. Alisimama mlangoni na dumu lake tupu, hajui aingie au aondoke, mpaka mwalimu akamwambia, "Weka dumu lako pale, mwanangu. Halitaibiwa." Wengine waliobaki walikuwa vijana wa sekondari na walimu wa shule za msingi, na wengi wao walikuja wakaacha.

Somo la kwanza lilikuwa kulala chini. Tulitandika mikeka, tukalala chali, kila mmoja mkono juu ya tumbo. Mwalimu alipita katikati yetu akisema taratibu kwamba sauti haianzi kooni, inaanza huku chini, kwenye pumzi, na kwamba mtoto mchanga anajua jambo hili lakini mtu mzima amelisahau. Niliona aibu kulala chini mbele ya mwanamume ninayenunua nyama kwake. Kumbe mwenzangu aibu hana. Alikuwa ameshalala usingizi. Alikoroma mpaka madirisha yakatetemeka. Vijana wakaanza kucheka, mwalimu akawanyamazisha kwa mkono.

"Msicheke, sikilizeni," akasema. "Hiyo ndiyo pumzi ya tumbo. Nitawafundisha muipate mkiwa macho."

Kisha kila mmoja alitakiwa kusimama upande mmoja wa ukumbi na kutamka jina lake kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Binti wa maziwa alipotamka lake, mtu aliyekuwa akipita na baiskeli barabarani alisimama akaangalia nyuma. Binti alikuwa amezoea kuitana na ndugu zake mbugani, kutoka kundi moja la ng'ombe hadi jingine. Mimi nilipotamka langu, mwalimu alisogea karibu.

"Hilo jina umeliazima?" akauliza.

"La kwangu, mwalimu."

"Basi litoe kama la kwako."

Nilijaribu tena na tena. Nilirudi nyumbani koo linakereketa na moyo umechangamka, nikamwambia mama yote, hata kukoroma. Alinitazama tu. Ila mdomo wake ulijikunja upande mmoja, ule unaosogea.

Tulifanya mazoezi tangu mwanzo wa kiangazi. Tulijifunza kutembea kama mzee, kama mlevi, kama mtu anayekanyaga mchanga wa moto. Tulijifunza kuimba huku tunatembea, jambo linaloonekana rahisi mpaka ulifanye. Mwenye bucha aliimba vizuri akisimama, akipiga hatua sauti inapotea. Akiishika sauti, miguu inagongana. Halafu mwalimu akasema sasa tutengeneze igizo letu wenyewe, fupi, la nyimbo. Sisi wote tuliokulia karibu na reli tulileta hadithi za reli, na mwishowe tukakubaliana juu ya hii: binti anateremka kwenye treni Kimamba, ameolewa na kijana aliyeko mbali kikazi, na mama mkwe hataki kumpokea. Anamwacha kizingitini na mzigo wake kichwani. Mwisho wanapatana. Binti wa maziwa akapewa nafasi ya bibi harusi, mwenye bucha akawa baba mkwe anayemwogopa mkewe, na mimi nikapewa mama mkwe.

Wimbo tuliutunga pamoja, mstari kwa mstari, mwalimu akiupiga kwenye kinanda chake kidogo cha betri. Kiitikio chake nakikumbuka kila siku:

*Shuka taratibu, mgeni wa treni,*
*maji ya kunywa yapo mtungini.*

Kazi ikawa kwangu. Mama mkwe alitakiwa awe mkali, na mimi ukali sikuwa nao. Nilikuwa nimezoea kusema "samahani mteja wangu" hata kwa wateja waliokosea wao vipimo. Kila nilipofungua mdomo, mwalimu alishika kiuno.

"Mama mkwe wako anaongea kama mgeni aliyekosea nyumba," akaniambia. "Hapa ni kwake! Binti huyu kamchukua mwanawe! Hebu nenda kamtafute mwanamke huyo, urudi naye Jumamosi."

Nilikwenda nyumbani na maneno yale. Kesho yake mchana nilikuwa uani napepeta mchele, mama ameketi kwenye kiti chake kivulini, nami nikawa narudia sehemu yangu kwa ungo. "Umefuata nini hapa?" nikamwambia ungo. "Nani kakuita?"

"Basi!" mama akasema.

Nikageuka. Alikuwa akitikisa kichwa, uso umekunjamana kama mtu aliyeonja mboga isiyo na chumvi. Nikarudia tena, kwa nguvu zaidi.

"Basi, basi, basi!"

Akanionyesha kwa mkono wake mzima nisogee, nisimame pale mlangoni pa ua. Nilisimama. Yeye akajivuta akakaa wima. Akainua kidevu. Akanitazama kuanzia miguuni, polepole, akapanda mpaka usoni, akateremka tena mpaka miguuni kana kwamba ameona tope. Kisha akatengeneza khanga yake begani bila haraka, akageuza uso pembeni, na akasema chini kwa chini, karibu kwa upole, "Basi."

Nywele zilinisimama. Mama huyu nilikuwa namjua! Ndivyo alivyompokea mke wa kaka yangu, zamani, pale kibarazani Kimamba, na yule wifi yangu alilia wiki nzima. Nilikaa chini kwenye mchele nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mama naye akacheka. Kicheko chake hakikuwa kimeharibika hata kidogo.

Tangu siku ile akawa ananifundisha. Nikikosea, basi kali. Nikipatia, basi ndefu ya kuridhika. Jumamosi nilipopanda jukwaani nikamtazama binti wa maziwa kuanzia miguuni, maskini alirudi nyuma hatua nzima, akasahau maneno yake. Mwalimu alivua miwani.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nyumbani, mwalimu. Kwa mama."

"Nataka kumwona."

Nilimweleza hali ya mama, na kwamba haonani na wageni. Akasema atakuja hivyo hivyo, na kama mama hataki atakaa uani anywe chai arudi zake. Alipobisha hodi, mama tayari alikuwa ameanza kujikokota kuelekea chumbani, lakini mguu haukumwahisha. Mwalimu akapiga goti mbele yake.

"Shikamoo mama."

Mama akafungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalinitafuta kama ya mtu anayezama.

Mwalimu hakungoja jibu. Alibaki pale pale chini, akashika ule mkono uliolala, akaanza kuimba kile kiitikio bila maneno, kwa kuguna tu, akipiga mapigo kiganjani mwa mama. Alikiimba hivyo muda mrefu. Baadaye, tulipokuwa tunakunywa chai, aliniambia kwamba shangazi yake alipatwa na ugonjwa kama huu, na kwamba maneno yalimkimbia lakini nyimbo za kanisani zilibaki. "Si wote," akasema. "Usije ukanilaumu. Ila imba naye. Kuimba hakumdhuru mtu."

Nikawa naimba naye. Jioni nikitoka kibandani, kabla hata ya kuwasha mkaa, nilikaa naye nikashika mkono wake kama nilivyoona, nikaimba wimbo wa treni. Mwanzoni alisikiliza tu. Halafu akaanza kuguna na mimi. Halafu mwisho wa mistari akawa anatoa kitu kinachofanana na neno, *-ni*, *-ni*, na kila alipokitoa alinitazama aone kama nimesikia.

Siku yenyewe nakumbuka nilikuwa nimemaliza kufua, nimeinama naanika shuka. Nikasikia nyuma yangu sauti ya kikongwe, imekwaruza, lakini iko kwenye tuni:

*Maji ya kunywa yapo mtungini.*

Niliacha shuka likaanguka chini. Mama alikuwa ameshika koo kwa mkono wake mzima, yeye mwenyewe ameshangaa. Akaimba tena, "*Maji ya kunywa*," na kunionyesha kikombe.

Alikuwa na kiu! Alikuwa anaomba maji.

Nilimletea, akanywa, maji yakamwagika kidevuni kwa sababu wote wawili tulikuwa tunalia. Nikamwambia, "Mama, sema maji." Akajaribu. "Basi." Nikamwambia, "Imba." Akaimba maji.

Mwalimu alipopata habari hizi alikuja siku ile ile, na tukaketi uani kama watunzi wa nyimbo. Tukatengeneza vipande vifupi kwa tuni ile ile, kipande cha uji, kipande cha kwenda msalani, kipande cha kusema nasikia baridi. Vingine mama alivishika, vingine vilikataa kabisa. Lakini kilichomshughulisha yeye kilikuwa kimoja, na alikirudia mwenyewe usiku na mchana mpaka kikakaa sawa. Mwenye bucha alikuwa mtu wa kwanza kukisikia. Alipita kuniletea mfupa wa supu ya mgonjwa, akainama mlangoni na mwili wake ule, "Shikamoo mama," na mama, kidevu juu, akamwimbia:

*Marahaba, mwanangu, marahaba.*

Yule baba aliweka nyama chini akajifuta macho kwa mkono wa shati. Habari zikaenea mtaani, na wageni wakarudi. Wapo waliokuja kwa kumpenda na wapo waliokuja ili waimbiwe tu, lakini mama hakujali. Watoto walikuwa wanatoka shule wanampitia makusudi, wanampigia shikamoo kwa zamu, na aliyefanya haraka haraka alirudishwa kwa kidole aanze upya.

Igizo letu tulilionyesha Mikumi. Mwalimu alikuwa na mtu anayefahamiana naye kule, mwenye ukumbi karibu na barabara kuu, na akasema watu wa Mikumi wamezoea wapitaji, kwa hiyo hawatatuonea haya wala kutuhurumia. Nilitaka mama aende. Alitaka pia, lakini siku mbili kabla kifua kilimbana, na muuguzi wa zahanati akasema safari ile hapana. Asubuhi nilipokuwa naondoka alinishika gauni, akanitazama kuanzia miguuni mpaka usoni kwa yale macho ya mama mkwe, kisha akanisukuma niende.

Tulisafiri kwa gari la mzigo la mwenye bucha, alilolisafisha mpaka likanukia sabuni. Ukumbini waliingia madereva wa malori waliolala Mikumi, mama lishe, wauza vitunguu, vijana wa bodaboda. Mimi nilikuwa nafunga khanga na kuifungua, nafunga tena. Binti wa maziwa alikuwa ametulia kabisa. Aliniambia alishawahi kukutana na simba akichunga, hawa ni watu tu.

Nilipoingia jukwaani na kumwona amesimama na mzigo kichwani, nikainua kidevu. Nikamtazama polepole. Nikatengeneza khanga, nikageuka pembeni. Mama lishe mmoja wa mbele akasonya.

"Mama gani huyu!" akasema kwa sauti.

Bibi harusi akaomba maji. Nikamnyima. Hapo dereva mmoja akasimama kabisa: "Mama, mpe maji mtoto wa watu! Katoka mbali!" Wengine wakamuunga mkono, ukumbi mzima, mpe maji, mpe maji. Nilisimama pale nachukiwa na watu nisiowajua, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Katika dansi, mwenye bucha alijikwaa akaanguka chali, na kwa kuwa alikuwa baba mkwe anayemwogopa mkewe, watu walidhani ndivyo ilivyopangwa, wakapiga makofi mpaka akainuka akaanguka tena makusudi. Nilipochota maji hatimaye nikampelekea binti, na sote tukaanza kuimba, madereva waliimba na sisi. Baada ya onyesho nilikwenda kununua maji dukani, na mtoto mdogo aliyekuwa ndani ya ukumbi akajificha nyuma ya mama yake asinione.

Mama hakulala mpaka niliporudi usiku, lakini nilikuwa nimechoka. Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, nilimtoa uani nikamwigizia onyesho lote peke yangu, mimi mama mkwe, mimi bibi harusi, mimi dereva anayesimama kudai maji. Nilijiangusha chali kama mwenye bucha. Majirani walichungulia juu ya uzio. Nilipofika kwenye wimbo, mama aliushika kabla yangu akaumaliza bila mimi.

Aliishi mpaka mvua zilipokuja na kwisha na nyingine kuja. Alifariki alfajiri, kwa utulivu, na tulimzika Kimamba karibu na baba. Darasa nalo liliendelea kidogo, kisha ukumbi ukawa unakodishwa Jumamosi kwa harusi, na mwalimu miguu ikaanza kumsumbua. Mwanawe akamchukua akaishi naye Mwanza. Mwalimu hunipigia simu, kwanza anauliza kama Mto Mkondoa umejaa, kisha ananiambia nivute pumzi, ananisikiliza kama naivuta tumboni.

Naukumbuka ukumbi ule mno. Nakumbuka harufu ya mikeka na vumbi, ule mwanga wa alasiri uliokuwa unaingia kwenye matundu ya tofali, na watu wazima wenye kazi zao wakitembea kwa zamu juu ya mchanga wa moto usiokuwepo.

Majuzi nilikwenda Magole kununua nyanya. Nikasikia naitwa kwa sauti iliyofanya soko zima ligeuke. Alikuwa yule binti wa maziwa, ameolewa huko, mtoto mgongoni na ndoo mkononi.

"Shikamoo mama mkwe!"

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na ikanitoka kwa tuni.

Muuza nyanya alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa. "Sasa mama," akaniambia kwa heshima lakini bila kucheka, "mkweo ana mtoto mgongoni na wewe unamwacha abebe ndoo?"

Tulitazamana. Hatukumsahihisha. Nilichukua ndoo, mwenzangu akanifuata nyuma akiwa ameuma khanga asicheke, na yule muuza nyanya akatuongezea mbili kwa kunipongeza kwamba nasikia nikiambiwa.